Kigango Hakihami

Miongoni mwa Wagiriama wa pwani ya Kenya, mtu mwenye cheo akifa, kuzikwa kwake siyo mwisho wa mambo. Iwapo alikuwa wa Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima, yapasa asimamishiwe kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu. Aghalabu miaka hupita kabla jamaa hawajatimiza wajibu huo. Ndipo marehemu huja ndotoni akadai haki yake, au maradhi huingia nyumbani. Na mganga akiulizwa, hujibu kwamba koma anataka mahali pake.

Kigango kikisha kusimamishwa, si sanamu ya marehemu tena, bali ndiye yeye. Hufungwa vitambaa, humwagiwa tembo, huelezwa shida za watu wake. Na kwa kuwa ndiye yeye, hakihamishwi. Jamaa wakihama kutafuta ardhi yenye rutuba, yeye hubaki mahameni, akalala upande, akaoza taratibu. Kumwacha hapo ni adabu.

Adabu hiyo ndiyo iliyowaponza. Mchuuzi aliyepita mahameni akaona ubao umeegemea magugu, alisema umetupwa. Tangu miaka ya 1970 vigango viling'olewa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na kwa wafanya biashara wa sanaa, vikavuka bahari hadi Marekani. Mara nyingi waliong'oa walikuwa vijana wa huko huko, wasio na kazi na wasioogopa tena koma. Ajabu ni kwamba mnunuzi naye hakuwaogopa, walakini alilipa kwa ajili yao: ubao uliochongwa jana kwa ajili ya soko haukuwa na bei ya ule uliowahi kumwagiwa tembo.

Watawala wa zamani hawakukosea namna hii. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaita Wagiriama katika Kaya Fungo, msitu wao mtakatifu, wakala kiapo cha kuwakataa Waingereza; na Agosti 1914 Waingereza wakailipua kaya hiyo kwa baruti. Ulikuwa ukatili, lakini adui huyo angalau alijua anapiga nini.

Mwaka 1985 mtaalamu wa elimu ya jamii, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baada ya muda mfupi vikaibwa. Hivi havikuwa vya mahameni. Mwenyewe alikuwa hai na alivitafuta. Miaka mingi baadaye, Udvardy alikitambua kimoja katika picha ya mali ya jumba la makumbusho la jimbo la Illinois, na cha pili kikapatikana katika Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Cha kwanza kilirudishwa mwaka 2006, cha pili 2007. Kama isingekuwa picha ile, neno la mzee lisingetosha kumshinda karani wa makumbusho. Naam, hata mizimu siku hizi huhitaji hati.

Vingine havina picha. Jumba la makumbusho la Denver liliamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, navyo vikafika Kenya mwaka 2019. Aliyeving'oa hakuandika jina la mji wala la ukoo, na asiyejulikana ukoo hana wa kumwagia tembo. Wazee wa kaya hudai virudi pwani. Maofisa hujibu kwamba vikisimamishwa porini vitaibwa tena. Kila upande una haki yake, wala hakuna sheria ya kuwapatanisha, kwa maana sheria hulinda vitu, na kigango kwa wenyewe si kitu. Wengi wa wajukuu wao sasa ni Wakristo au Waislamu. Hata hivyo mvua ikikosa, wako wanaouliza ni ya nani ile nafasi tupu iliyobaki mahameni, na aliyekuwa amesimama hapo amepelekwa wapi.