Kikopey: Kituo cha msafiri apendaye nyama choma

MSAFIRI atokaye Nairobi kuelekea Nakuru huutambua mji wa Gilgil kwa baridi yake, kwa kambi zake za jeshi na, kilomita chache mbele, kwa moshi. Moshi huo hutoka Kikopey, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu karibu na Ziwa Elmenteita, ambako bucha na hoteli zimepangana na nyama ya mbuzi, kondoo na ng'ombe huchomwa mchana kutwa.

Jina hilo ni kongwe kuliko bucha zenyewe. Ranchi ya Kekopey ilikuwa mali ya walowezi wa familia ya Cole, na ndiko mtafiti Mmarekani Shirley Strum alikoanza kuwachunguza nyani mwaka wa 1972. Nyani hao walipata sifa miongoni mwa wanasayansi kwa kuwinda watoto wa swala na sungura na kuwala. Wakulima walipohamia katika ardhi hiyo, nyani waligeukia mashamba, na mwaka wa 1984 wakahamishiwa Laikipia. Tamaa ya nyama, hata hivyo, haikuhama nao.

Anayetaka kufaidi mlo wa Kikopey ni sharti awe na subira. Kabla hujaketi, wafuate wahudumu hadi buchani, uchague kipande mwenyewe na kukishuhudia kikipimwa. Nyama hupimwa ikiwa mbichi, nayo hupungua motoni. Kilo moja ya mizani haitakuwa kilo moja mezani. Mbavu na paja la mbuzi huhitaji takriban saa nzima juu ya makaa. Abiria wa matatu, ambaye dereva amempa dakika chache tu, hulazimika kununua iliyokwisha kuchomwa, na mara nyingi hiyo imekauka. Mwenye gari lake anaweza kupiga simu akiwa Naivasha ili akute nyama ikigeuzwa.

Huletwa ikiwa imekatwakatwa juu ya ubao, na chumvi pembeni. Ugali na kachumbari ni vya kawaida, lakini mgeni asiyejua eneo hili aulizie mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja na majani ya malenge, chakula cha Wakikuyu wanaoishi kwa wingi katika sehemu hizi. Kwenye baridi ya Gilgil, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, supu ya mifupa hutangulia yote.

Subira hiyo haihitajiki Gilgil pekee. Katika Jamhuri ya Cheki, mgeni huonja vyakula vya asili kwa urahisi zaidi wakati wa chakula cha mchana, wenyeji wanapojaa katika vilabu viitwavyo hospoda. Huko huandaliwa svíčková, nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu katika mchuzi wa mboga za mizizi na krimu, pamoja na knedlíky, madonge ya unga wa ngano yaliyochemshwa na kukatwa vipande. Mkenya atayaelewa mara moja: kama ugali wetu, kazi yake ni kubeba mchuzi.

Tahadhari mbili ni za lazima. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Muhuri wa mkaguzi huonekana kwenye nyama mbichi, si kwenye iliyochomwa, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda buchani kwanza. Pili, barabara ya hapo imeshuhudia ajali nyingi. Egesha mbali na lami, na anayeendesha asiguse pombe.

Wauzaji wa Kikopey huishi kwa gari linalosimama. Machi 2021, serikali ilipofunga kaunti tano, Nakuru ikiwemo, kwa sababu ya Covid-19, hoteli ziliruhusiwa kuuza chakula cha kubeba tu, pigo zito kwa mahali ambapo watu huja ili kuketi. Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua upanuzi wa barabara hiyo kutoka Rironi hadi Mau Summit. Barabara pana huleta magari zaidi, ila huweza pia kuyapitisha kwa kasi bila mahali pa kuchepukia. Kwa mwenye jiko kando ya lami, mahali itakapowekwa njia ya kuingilia ni jambo kubwa kuliko bei ya mbuzi.