Sauti, Kerneli na Masimulizi ya Wazee

Wapenzi wa vitabu mtanivumilia, leo nasimulia historia ya sauti kwenye Linux. Hapa Ujiji kompyuta yangu ni kuukuu, na humo nimehifadhi masimulizi ya wazee. Draiva ya sauti ikigoma, wazee nao wananyamaza.

Linus Torvalds alitoa Linux mwaka 1991. Mwanzoni sauti ilitegemea OSS ya Hannu Savolainen. Mwaka 1998 Jaroslav Kysela akaanzisha ALSA, ikawa inasambazwa pembeni kama kifurushi, hadi kerneli 2.6 ya Desemba 2003 ilipotoka nayo ndani. Basi aliyejiundia kerneli yake huku ameweka kifurushi cha zamani alijikuta na draiva mbili zikigombea kadi moja. Tena moduli hubeba alama ya toleo iliyoundiwa. Toleo likitofautiana, kerneli huikataa.

Ni kama Liemba yetu: ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, na kila kipande kilikuwa cha meli ile tu.

Waundaji wa Linux hawajawahi kuahidi kwamba sehemu za ndani za kerneli hazitabadilika. Wao wanabaki na uhuru wa kurekebisha, gharama anabeba mwenye draiva ya pembeni: kila kerneli mpya, aiunde upya. Kwangu bei hiyo ni halali, maana msimbo uko wazi na fundi yeyote anaweza kuifufua sauti. Kingekuwa kitu kilichofungwa, wazee wangenyamaza moja kwa moja.