Lisemwalo Lipo: Mwitikio wa Umma katika Siku za Mwanzo za Ebola, kutoka Beni na Butembo hadi Alimbongo, 2018–2020

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza kwamba maradhi ya Ebola yamezuka Mangina, mji mdogo ulioko yapata kilometa 30 kutoka Beni, katika mkoa wa Kivu ya Kaskazini. Ilikuwa imepita wiki moja tu tangu serikali hiyo hiyo itangaze kwisha kwa mlipuko mwingine katika mkoa wa Équateur, magharibi mwa nchi. Mlipuko wa Kivu ulikuwa wa 10 nchini tangu virusi hivyo vitambuliwe Yambuku mwaka 1976, na ndio mkubwa kuliko yote iliyopata kutokea huko. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470 walikuwa wameorodheshwa, na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Duniani kote ni mlipuko wa Afrika Magharibi wa 2014–2016 peke yake uliouzidi.

Maelezo mengi yaliyotolewa wakati huo kuhusu watu wa Beni na Butembo yalitumia maneno kama “ukaidi”, “ujinga” na “uvumi”. Ilisemwa kwamba watu hawaamini kuwa ugonjwa upo, wanawaficha wagonjwa, na wanawashambulia waliokuja kuwaokoa. Matukio hayo yalitokea kweli, wala makala haya hayakusudii kuyakana. Yanakusudia kuuliza swali ambalo mwanahistoria hana budi kuliuliza: je, watu walipokataa kuamini, walikuwa wakikataa nini hasa? Hoja yetu ni kwamba kutoamini kwa siku za mwanzo hakukutokana na kukosa habari. Kulitokana na kuzisoma habari hizo kwa mwanga wa mambo ambayo umma ulikuwa umekwisha kuyaona.

2.0 Mahali na Historia Yake

Eneo tunalolizungumzia ni nchi ya Wanande, ambao wengi wao hujiita pia Wayira. Butembo ni mji wa biashara. Wafanyabiashara wake wamezoea kusafiri hadi Dubai na China kununua bidhaa, na mambo kadhaa ambayo kwingineko hufanywa na serikali, hapo yamefanywa kwa michango ya wafanyabiashara na kwa juhudi za Kanisa. Kusini ya Butembo, katika wilaya ya Lubero, barabara iendayo Goma hupanda milimani penye baridi na ukungu. Huko ndiko iliko Alimbongo, kati ya Lubero na Kanyabayonga, katika nyanda zinazolisha miji kwa viazi, maharagwe na mboga. Kwa watu wa eneo hili lote, serikali ya Kinshasa ilikuwa mbali kwa masafa, na mbali zaidi kwa matendo.

Umbali huo uligeuka uchungu kuanzia Oktoba 2014, yalipoanza mauaji ya raia katika mji wa Beni na vijiji vyake. Mamia ya watu waliuawa kwa mapanga na risasi, na mauaji mengi yalihusishwa na waasi wa ADF wenye asili ya Uganda. Agosti 2016 makumi ya watu waliuawa Rwangoma kwa usiku mmoja. Wananchi waliandamana, wakafunga maduka, wakaandika barua, wakahubiri makanisani. Msaada waliouomba haukuja kwa kiasi walichokitarajia.

Miaka minne baadaye, Ebola ilipozuka, magari yalifika kwa misafara. Walikuja wataalamu kutoka nchi nyingi, nyumba zikakodiwa kwa bei ambazo mji haukuwahi kuzijua, na fedha zikamwagika. Swali walilojiuliza watu lilikuwa jepesi na zito kwa pamoja: kwa nini walipokuwa wakichinjwa hakuna aliyekuja, na sasa wanapougua dunia nzima imefika?

3.0 Uvumi kama Hoja

Kati ya watafiti waliochunguza fikra za umma mapema, Patrick Vinck na wenzake walifanya utafiti mwezi Septemba 2018 katika miji ya Beni na Butembo, wakiwahoji watu wazima 961. Takriban robo ya waliohojiwa, yaani asilimia 25.5, walisema kwamba Ebola haipo. Wengine waliona kuwa imebuniwa ili watu fulani wachume fedha, au ili eneo lao livurugwe. Takwimu hizi zilinukuliwa sana. Takwimu nyingine ya utafiti huo huo haikunukuliwa kwa kiasi hicho: ni asilimia 31.9 tu walioamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea masilahi yao. Takwimu hizi mbili hazina budi kusomwa pamoja. Mtu asiyemwamini msemaji, ataliaminije lisemwalo?

Wahenga walisema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwa mwanahistoria methali hii haina maana kwamba kila uvumi ni kweli. Maana yake ni kwamba kila uvumi una mahali ulipotoka. Uvumi kwamba vituo vya matibabu vinaua ulikuwa na chanzo: katika wiki za kwanza watu wengi walifikishwa huko wakiwa mahututi, nao wakafa huko. Isitoshe, dalili za mwanzo za Ebola hufanana na za malaria, na katika mji wa Beni watu kadhaa, watoto wakiwamo, waliambukizwa ndani ya zahanati walikokwenda kutibiwa maradhi mengine. Mama aliyesita kumpeleka mwanawe zahanati hakuwa akipingana na ushahidi. Alikuwa akiufuata ule aliouona kwa macho yake.

Chanjo nayo ilizua mashaka. Ilianza kutolewa tarehe 8 Agosti 2018, na kabla ya mlipuko kwisha zaidi ya watu 300,000 walikuwa wamechanjwa. Utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa kuwachanja waliokutana na mgonjwa, na wale waliokutana na hao. Kwa mtaalamu, huu ni utaratibu wa busara. Kwa jirani aliyeona nyumba moja ikichanjwa na ya pili ikirukwa, bila maelezo ya kumtosha, ulifanana na upendeleo au na siri.

Mambo haya si ya Kongo peke yake. Kipindupindu kilipofika Liverpool, Uingereza, mwaka 1832, makundi ya watu yalizingira hospitali na kuwatupia madaktari mawe, yakidai kwamba wagonjwa wanauawa ili miili yao ipasuliwe. Madai hayo yalikuwa ya uongo. Hata hivyo, mwaka 1826 maiti zilizofukuliwa makaburini zilikutwa katika bandari ya mji huo huo, zimetiwa ndani ya mapipa tayari kusafirishwa kwenda Scotland kwa ajili ya upasuaji. Watu wa Liverpool walikosea kuhusu kipindupindu, lakini hofu yao hawakuitoa hewani.

4.0 Suala la Lugha

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, mlipuko huu una funzo la pekee. Kazi nzima ya kupambana na ugonjwa ilijulikana kwa neno la Kifaransa, “riposte”, nalo likaingia katika mazungumzo ya kila siku. Asili yake ni mchezo wa vitara: ni pigo la kujibu pigo. Katika nchi iliyojaa watu wenye silaha, timu za afya zilizoitwa kwa neno la vita, na ambazo mara nyingine ziliandamana na askari, hazikuweza kuonekana kama waganga tu.

Mfano wa pili ni neno la kumtaja mtu ambaye bado hajapimwa. Wataalamu walimwita kwa Kifaransa “cas suspect”. Tukilifasiri neno kwa neno, tunapata “mshukiwa”, na mshukiwa katika Kiswahili ni mtu wa polisi na mahakama. Mwenye homa akiitwa mshukiwa, kisha akachukuliwa na gari mbele ya majirani, ni nani atakayejitokeza kesho kwa hiari? Aidha, Kiswahili sanifu kinachoandikwa Dar es Salaam si Kiswahili kinachosemwa Butembo, wala hicho hakikidhi haja ya bibi kizee wa milimani anayezungumza Kinande. Tafsiri sahihi kwa kamusi yaweza kuwa kosa kubwa kijamii.

Yako pia maneno yaliyosaidia. Waliopona waliitwa “vainqueurs”, yaani washindi. Baadhi yao, kwa kuwa miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kuwalea watoto ambao wazazi wao walikuwa vituoni. Vivyo hivyo, huko Beni vilianza kutumika vyumba vya plastiki angavu, ambamo ndugu waliweza kumwona mgonjwa na kuzungumza naye. Kitendo hicho kilijibu uvumi kwa namna ambayo tangazo la redio lisingeweza: kilionyesha kilichokuwa kimefichika.

5.0 Kura na Moto

Kama kulikuwa na siku iliyogeuza mashaka kuwa hasira, basi ilikuwa tarehe 26 Desemba 2018. Siku hiyo Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi iliyo magharibi mwa nchi, hazitapiga kura pamoja na nchi nzima tarehe 30 Desemba. Kwa Beni na Butembo, sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Kura hiyo iliahirishwa hadi Machi 2019, ilhali rais mpya alikwisha kuapishwa tarehe 24 Januari. Zaidi ya wapiga kura milioni 1, katika eneo lililojulikana kwa kuunga mkono upinzani, hawakushiriki kumchagua rais.

Hoja ya wananchi ilikuwa wazi. Masoko yalikuwa yakiendelea, makanisa yakijaa, shule zikifunguliwa. Iweje foleni ya kura peke yake iwe ndiyo ya hatari? Kesho yake waandamanaji walishambulia kituo cha kuwapokea wagonjwa mjini Beni. Tarehe 30 Desemba wakazi wa mji huo walijipanga na kupiga kura ya mfano, wakitaka kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Tangu hapo, aliyesema kwamba Ebola ni siasa hakuhitaji ushahidi mwingine.

Yaliyofuata yanajulikana. Tarehe 24 Februari 2019 kituo cha matibabu cha Katwa kilichomwa, na siku tatu baadaye kile cha Butembo kilishambuliwa. Tarehe 19 Aprili Daktari Richard Mouzoko, raia wa Kamerun aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali mjini Butembo. Kila shambulio lilisimamisha kazi ya kuwatafuta wagonjwa, na virusi havikusimama. Wagonjwa 1,000 wa kwanza walihesabiwa kwa karibu miezi minane. 1,000 wa pili kwa siku 71 tu, hadi mwanzoni mwa Juni 2019. Hapa hatuna budi kusema kweli: kutoamini kulikuwa na sababu, lakini kuliua. Waliokufa kwa wingi walikuwa watu wa Butembo, Katwa na Mabalako wenyewe.

6.0 Barabara ya Alimbongo na Ujio wa UVIKO-19

Julai 2019 mhubiri mmoja aliyeambukizwa alisafiri kwa basi kutoka Butembo hadi Goma. Alipita barabara hiyo hiyo ya milimani, na vituo vya ukaguzi vilivyokuwa njiani havikumtambua kuwa mgonjwa. Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba mlipuko huu ni dharura ya afya ya kimataifa. Kanda ya afya ya Alimbongo nayo iliingia katika orodha ya kanda zilizopata wagonjwa, ingawa walikuwa wachache. Kwa mkulima wa huko, ugonjwa ulitanguliwa na sifa zake: vyote viwili, virusi na habari, vilipanda gari moja.

Kisha ikaja 2020. UVIKO-19 ulithibitishwa Kinshasa tarehe 10 Machi, na hali ya dharura ikatangazwa tarehe 24. Wakati huo Beni ilikuwa ikihesabu siku za kumaliza Ebola. Ziliposalia siku 2, tarehe 10 Aprili, mgonjwa mpya akapatikana. Hivyo umma wa Kivu uliingia katika janga la dunia ukiwa na ujuzi ambao nchi nyingi tajiri hazikuwa nao: kunawa mikono mlangoni, kupimwa joto barabarani, kuzika bila kugusa maiti. Lakini uliingia pia na kumbukumbu. Mwezi huo huo wa Machi aliyekuwa Waziri wa Afya, Oly Ilunga, alihukumiwa kifungo kwa ubadhirifu wa fedha za Ebola. Septemba 2021 tume huru ikathibitisha kwamba wafanyakazi wa msaada, wakiwamo wa Shirika la Afya Duniani, waliwanyanyasa wanawake kingono. Sehemu ya lililosemwa, basi, ilikuwapo.

7.0 Hitimisho

Februari 2021 Ebola ilirudi Butembo. Safari hii idara za afya za mahali ndizo zilizoshika usukani tangu mwanzo, na baada ya miezi mitatu mlipuko ulikwisha, wagonjwa wakiwa 12 na vifo 6. Wananchi walikuwa wale wale, na uvumi haukuwa umetoweka. Chanjo ilikuwapo tangu mwanzo, naam, lakini ilikuwapo hata 2018. Kilichobadilika zaidi ni uso wa anayebisha hodi.

Mapema mwaka 2020 mashirika ya kimataifa yalianza kuuita wingi wa habari potofu kuwa ni maradhi kwa jina lake. Tunaona kuwa istilahi hiyo, ingawa inavutia, inapotosha. Uvumi hauambukizi kila mtu kwa namna moja. Huota mahali palipolimwa. Anayetaka kuung'oa sharti kwanza auulize udongo ulipata nini miaka iliyotangulia. Katika nchi iendayo kutoka Mangina hadi Alimbongo, jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya Agosti 2018, nalo halikuandikwa na virusi.