Robert Koch na Malale ya Nyanza: Sifa Inayostahili Kupimwa Upya

Kwa wakazi wa Kasulo, Ngara, na wenzao wa Biharamulo, mbung'o, mwenezaji wa malale, si mdudu wa vitabuni. Mapori ya jirani, yaliyounganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ni makao yake. Kwa hiyo msomaji wa Kagera ana haki ya kuuliza: Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuja Nyanza kutafuta dawa ya malale, aliwatendea nini wagonjwa wake?

Umaarufu wake haukuzushwa. Mwaka 1882 alitangaza kwamba amegundua bakteria wa kifua kikuu, na mwaka 1905 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hata hivyo, mwaka 1890 aliinadi tuberkulini kuwa tiba kabla ushahidi haujakomaa, na haikuponya. Haraka hiyo ndiyo aliyokuja nayo Afrika.

Mwaka 1906, katika visiwa vya Sese, Uganda, aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Vimelea vilitoweka kwenye damu, kisha vikarudi. Koch akaongeza dozi kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Zaidi ya wagonjwa 20 wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Dozi hiyo aliiacha, lakini atoksili yenyewe iliendelea kutumika katika kambi za malale alizopendekeza kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mojawapo ilikuwa Kigarama, katika Kiziba, kaskazini mwa Bukoba, wakati wa Mukama Mutahangarwa. Vijana wa Kiafrika walifundishwa kupapasa tezi za shingo za watu ili kuwabaini wenye ugonjwa. Bila mikono yao kazi hiyo isingefanyika, ila majina yao hayakupata nafasi kwenye historia ya tiba.

Watetezi wa Koch husema alikuwa mtu wa zama zake, na malale ilikuwa imeua zaidi ya watu 200,000 nchini Uganda. Hoja ya pili ni nzito: dawa bora haikuwapo. Ya kwanza siikubali. Wagonjwa nao walikuwa watu wa zama hizo hizo. Wengi walikwenda kambini kwa hiari wakitarajia kupona. Walipoona sindano inaumiza na wenzao hawaponi, wakatoroka. Kutoroka kwao ni tathmini ya dawa, iliyofanywa na watu walioijua kwa miili yao. Mwanahistoria anayeiita ukaidi anatupa ushahidi.

Hata ushauri wa Koch wa kuangamiza mamba, ambao aliamini damu yao ndiyo inayomlisha mbung'o wa ufukweni, usingewafaa watu wa mapori ya Kasulo. Mbung'o wa huku hunyonya damu ya wanyamapori, na aina ya malale wanayoieneza ilianza kuelezwa kisayansi mwaka 1910, mwaka aliofariki Koch.

Taasisi kuu ya afya ya jamii mjini Berlin bado inaitwa kwa jina lake, na hilo ni la Wajerumani kuamua. La kwetu ni mitaala. Vyuo vyetu vya tiba vinavyofundisha kanuni za Koch za kuthibitisha chanzo cha ugonjwa vifundishe, katika somo hilo hilo, habari za Sese na Kigarama, na viwahesabu waliopofuka kuwa sehemu ya matokeo ya utafiti wake.