Februari 3, siku ya wanamuziki waliofia safarini

Kila ifikapo tarehe 3 Februari, mashabiki wa muziki Marekani huadhimisha siku wanayoiita "siku muziki ulipokufa". Haimo katika orodha ya sikukuu za serikali, na wala ofisi hazifungwi. Ni kumbukumbu ya wanamuziki watatu waliokufa katika ajali ya ndege mwaka 1959. Jina hilo lilienea kutokana na wimbo wa Don McLean, American Pie, uliotoka mwaka 1971.

Waliokufa ni Buddy Holly, 22, Ritchie Valens, 17, na J.P. Richardson, 28, aliyejulikana kwa jina la The Big Bopper. Rubani wao, Roger Peterson, alikuwa na miaka 21.

Nimeandika haya kwa sababu ya kilichowapandisha ndege. Ziara yao ilipangwa miji 24 kwa siku 24, katikati ya majira ya baridi kali, na mipango ikawa ovyo: leo huku, kesho mamia ya kilomita kule, kwa basi ambalo hita yake ilikuwa imekufa. Mpiga ngoma wao, Carl Bunch, alilazwa hospitali miguu ikiwa imeumwa na barafu. Holly, aliyekuwa ameachana na meneja wake, alikuwa na shida ya pesa. Hakuweza kurudi nyumbani.

Baada ya kutumbuiza katika ukumbi wa Surf mjini Clear Lake, Iowa, alikodi ndege ndogo ili apate usingizi na kufua nguo kabla ya onyesho la kesho yake. Waylon Jennings alimwachia nafasi Richardson, aliyekuwa na mafua. Tommy Allsup na Valens walirusha sarafu, Valens akashinda. Ndege iliruka karibu saa saba usiku, ikaanguka shambani dakika chache baadaye. Wachunguzi walisema rubani hakuwa na idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee, na hakupewa taarifa kamili za hali ya hewa. Mkewe Holly, ambaye ndoa yao haikuwa imetimiza hata miezi sita, alipata habari kupitia televisheni.

Mnara wa wanamuziki hao uliwekwa shambani hapo mwaka 1988. Wa rubani ulisubiri hadi 2009. Naye alikuwa mtoto wa watu, na alikuwa kazini kama wenzake.

Tamasha la kuwakumbuka katika ukumbi wa Surf lilianza Februari 1979, na hadi leo hufanyika kila mwaka. Mwezi mmoja tu kabla ya tamasha hilo la kwanza, Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro aliyeongoza bendi ya Super Volcano, alifariki baada ya ajali ya gari hapa kwetu Mombasa. Alikuwa na miaka 34. Nyimbo zake bado zapigwa redioni na kwenye harusi, na wengi wa vijana wanaozicheza hawajui kwamba alikatikia roho mji huu.

Wenzetu wana ukumbi, mnara na tarehe. Sisi tuna nyimbo. Ninapendekeza Januari iwe na siku moja ambapo redio zetu za Pwani zitampigia Mbaraka, na mtangazaji aeleze alivyokufa, kisha awaulize wenye bendi na wenye kumbi swali moja: msanii akimaliza kuimba saa tisa usiku, anarudi nyumbani na nani, kwa gari gani, na dereva amelala saa ngapi?

Pesa za malazi ya usiku mmoja kwa bendi nzima ni nyingi, najua. Lakini anayeandaa shughuli aziweke katika hesabu yake mapema, kama anavyoweka za spika na jenereta. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia.