Zinki na Mshono: Uandaaji wa Vyuma vya Chesisi kabla ya Kuchomelewa

Kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa ili kisishikwe na kutu ni ufundi uliopewa hataza nchini Ufaransa mwaka 1837 kwa jina la mhandisi Stanislas Sorel, nao ndio uliozaa mabati ya kuezekea nyumba. Hata hivyo, watengenezaji wa magari walikawia sana kuutumia kwa bodi nzima, na sababu mojawapo ilikuwa taabu ya kuchomelea. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, ilhali zinki hugeuka mvuke kwenye nyuzi 907, kwa hiyo utando huo huchemka kabla vipande havijashikana, ukaacha vitundu ndani ya mshono na kutoa moshi mweupe. Anayeuvuta moshi huo hupatwa baada ya saa chache na homa ya kutetemeka, ambayo daktari Mwingereza Headlam Greenhow aliieleza mwaka 1862 kwa wasubu wa shaba njano. Mafundi wengi hadi leo hunywa maziwa wakiamini kuwa yanaizuia, imani inayostahili kukanushwa waziwazi, kwani kinga ni hewa ya kutosha, barakoa ifaayo na kuondoa zinki kwanza.

Kilichobadilisha mambo ni chumvi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, nchi za baridi zilizidi kumwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na kutu ikawa inaila chesisi, yaani kiunzi kinachobeba gari, kuanzia ndani ya mikunjo isiyofikiwa na rangi. Porsche iligeukia chuma chenye zinki kwa modeli ya 911 katikati ya miaka ya 1970, na Audi ikafuata mwaka 1985 kwa bodi nzima ya Audi 100.

Viwandani, ambako mabamba hubanwa kati ya ncha mbili za shaba nyekundu na kupitishiwa umeme mkali, zinki iliingia katika shaba hiyo na kuifanya shaba njano, ncha zikapanuka, umeme ukatawanyika na mshono ukadhoofika, ndiyo maana ilibidi zichongwe upya mara kwa mara. Gereji zilikuwa na kazi nyingine: fundi alisugua utando kwa brashi ya waya au jiwe la kusagia, sentimita chache kila upande wa mshono na pande zote mbili za bamba, akichunga asile chuma chenyewe, kisha akapaka palipobaki wazi rangi yenye zinki nyingi.

Vyuma vigumu vya leo vinavyofinyangwa vikiwa vya moto hufunikwa kwa aluminiamu na silikoni, na hapo tatizo si mvuke tena, bali aluminiamu inayochanganyika na chuma kilichoyeyuka na kuacha sehemu laini katika mshono. Viwanda kadhaa hutumia leza kukwangua tabaka la juu pembezoni mwa bamba, huku tabaka jembamba la chini, lililokwisha kuungana na chuma, likiachwa mahali pake.