Daftari la Mporaji na Nasaba ya Waakadia

Tarehe 5 Septemba 1755, ndani ya kanisa la Grand-Pré, Kanali John Winslow aliwasomea wanaume na wavulana 418 amri ya Mfalme wa Uingereza: ardhi na mifugo yao vimetwaliwa, nao watahamishwa. Kosa lao? Wakulima hao wa asili ya Kifaransa, katika nchi ambayo sasa ni Nova Scotia, Kanada, walikataa kula kiapo cha utii kisicho na masharti.

Ndugu wasomaji, beberu hupenda hesabu. Winslow aliorodhesha wakuu wa kaya kwa majina, kisha idadi ya wana, mabinti, ng'ombe, kondoo na nguruwe. Ni daftari hilo hilo la uporaji linalomsaidia kitukuu kumpata babu yake, ingawa mabinti humo ni tarakimu tu, sawa na mifugo.

Lakini wanyonge nao walitunza kumbukumbu. Rejista ya parokia yao, Saint-Charles-des-Mines, ilibebwa uhamishoni na hatimaye ikafika Louisiana. Kisiwani Belle-Île, Ufaransa, mwaka 1767, wazee walikula kiapo wakasimulia vizazi vyao kichwani, na karani akaandika. Mwaka 1785, meli saba ziliwachukua Waakadia wapatao 1,600 kutoka Ufaransa hadi Louisiana.

Ardhi yenyewe ilikuwa ya Wami'kmaq kabla ya Mfaransa na Mwingereza. Katika orodha ya Winslow hawamo.